Mashua ya mtoto: niliyoyaona Msasani, Dar es Salaam



Mnajua kwamba mwezi uliopita nilikuwa Dar es Salaam kwa ajili ya vitenge. Habari ya Kariakoo na bei zake nitawaandikia juma lingine, maana ni ndefu na inataka kalamu na karatasi ya hesabu. Leo nawapeleka upande mwingine wa mji, kwenye ghuba ya Msasani. Pale watoto wa miaka 8 na 9 wanaingia baharini, kila mmoja peke yake ndani ya mashua ndogo ya tanga, na mama zao wanakaa chini ya mti wakizungumza.

Dada yangu mdogo anaishi upande huo na mume wake. Binti yao wa kwanza ana miaka 9, na mwaka huu alikuwa ameanza kujifunza kuendesha tanga katika mashua za kuazima. Juma nililofika walikuwa wameamua kumnunulia ya kwake, iliyokwisha kutumika, na hapo ndipo nyumba iligawanyika. Shemeji alitaka mashua ya mbio. Alisema mtoto anakua kila siku, kwa nini anunue mara mbili? Dada alitaka mashua ambayo mtoto ataiweza leo, mwenyewe, bila mtu mzima kumshikia kamba. Wakasema mama mkubwa amefika, awe mtu wa kati, twende naye tukatazame. Mimi ni mtu wa Bukavu, naona maji kila asubuhi ninapofungua dirisha, lakini mashua ya tanga ya mtoto sikuwahi kuigusa. Nikaenda.

Msasani ni rasi, yaani kipande cha nchi kilichojisukuma ndani ya bahari, kama rasi zetu za La Botte na Muhumba zinavyojisukuma ndani ya Kivu. Upande mmoja inaitazama bahari kuu, na mawimbi yanapiga pale Coco Beach ambako vijana wanakula mihogo ya kukaanga. Upande wa pili iko ghuba, na maji yake yametulia. Huko ndiko wavuvi wana kijiji chao cha zamani, na karibu nao ziko nyumba kubwa za Masaki zenye kuta ndefu. Ukitazama kaskazini unaona visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vya kijani, kama mtu amevitupa tu juu ya maji. Mchangani zimelala ngalawa, mitumbwi yao ya gogo lililochongwa, yenye mbao mbili nyembamba za kuelea, moja kila upande, ili isipinduke. Tanga lake ni la pembe tatu, limeshonwa viraka juu ya viraka. Ningewaonyesha wamama wa ushonaji viraka hivyo. Wangecheka kwanza, halafu wangeheshimu.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni bahari inayoondoka. Sisi ziwa letu linakaa mahali pake. Kule, asubuhi maji yako miguuni pako, na saa sita baadaye yamekwenda mbali, yameacha matope, majani na mashua zimelala ubavu. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Kwa hiyo mama wa Msasani hawezi kusema tu "mtoto aende Jumamosi saa nne." Lazima aulize kwanza: maji yanajaa saa ngapi? Halafu anauliza upepo. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano hivi unavuma kusi, kutoka kusini-mashariki. Mwisho wa mwaka unageuka kuwa kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki. Wakati wa kusi, rasi yenyewe inaikinga ghuba, na maji yanakuwa kama bakuli. Wakati wa kaskazi mawimbi yanaingia kwa mlango wa ghuba, na watoto wadogo wanabaki karibu na nchi kavu.

Sasa mashua zenyewe. Ile ya kawaida kwa watoto inaitwa Optimist. Usipoijua utafikiri ni beseni la kufulia lililowekwa mlingoti. Mbele haina ncha. Imekatwa bapa kama sanduku. Urefu wake ni mita 2 na sentimita 30 hivi, upana kidogo zaidi ya mita moja, uzito kilo 35. Fikiria: chini ya mfuko mmoja wa simenti. Wamama wawili wanaibeba kutoka mchangani bila kuita mwanaume. Ina tanga moja tu, kama mita 3 za mraba na kidogo, ambalo ni sawa na mashuka mawili madogo yaliyounganishwa. Tanga limefungwa kwenye mlingoti mfupi, na mti mwembamba unalinyoosha kwa kona ya juu. Mtoto anashika vitu viwili: usukani kwa mkono mmoja, kamba ya tanga kwa mkono mwingine. Katikati ya mashua pana tundu refu ambamo unapitishwa ubao hadi chini ya maji. Ubao huo ndio unaozuia mashua isisukumwe kando na upepo, na ndio unaomwezesha mtoto kwenda bisho, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka kwa kukata huku na huku.

Nilipouliza jambo hili lilitoka wapi, nilipewa historia ambayo nadhani itawafurahisha. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida, Marekani, bwana mmoja aitwaye Clifford McKay aliona watoto wa mji wakishindana kwa vigari vya mbao walivyojitengenezea. Akauliza: kwa nini wasiwe na mashua ya namna hiyo, rahisi, ambayo mtoto na baba yake wanaweza kuijenga nyumbani kwa chini ya dola 50? Kazi ikapewa fundi wa mashua aitwaye Clark Mills. Yeye alichora mashua inayotoka kwenye mbao za tripleksi za kawaida za dukani, na ndiyo sababu mbele yake imekatwa bapa: ncha ingetaka mbao ndefu zaidi. Jina ni la chama kilichosimamia watoto hao, Optimist Club. Baadaye, miaka ya 1950, Axel Damgaard aliipeleka kwao Denmark, na kutoka huko ikaenea Ulaya na dunia. Leo mashua hiyo mpya ya mashindano, ya plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, inauzwa maelfu ya dola. Mimi nilifikiria njia nzima iliyopita kati ya tripleksi ya dola 50 na bei hiyo. Kitu cha watoto wa watu wa kawaida kikishapendwa na wenye makuta, hubaki mikononi mwao. Pale ufukoni pia, watoto wengi waliokuwa ndani ya mashua walikuwa wa nyumba zenye kuta ndefu, na watoto wa wavuvi walikuwa wakitazama kutoka kwenye ngalawa. Ingawa, kusema kweli, hao wa ngalawa walikuwa wanajua upepo kuliko wote.

Siku ya kwanza nilifika wakati wa somo. Watoto 11, wote na jile, wote na kofia. Upepo ulikuwa mdogo. Nilidhani nitaona mbio. Badala yake mwalimu, kijana mwenye sauti ya chini, aliwaambia waende mita 50 kutoka ufukoni, kisha akawapigia filimbi. Wote, mmoja baada ya mwingine, wakapindua mashua zao kwa makusudi.

Nilisimama. Dada akanivuta kanga. "Kaa, dada. Ndilo somo lenyewe."

Mnajua kwetu neno matanga ni kilio. Unaposema "matanga" mtu anauliza nani amekufa. Kule matanga ni haya ya mashua, mengi ya tanga moja, na nilipoyaona 11 yamelala juu ya maji, masikio yangu ya Bukavu yalisikia ile maana nyingine. Lakini tazameni kilichofuata. Mtoto wa dada alitoka majini, akahema, akashika ukingo wa mashua na kusema kwa sauti, kama walivyofundishwa, kwamba yuko salama. Mwalimu alingoja kusikia sauti ya kila mmoja kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Halafu binti akaogelea kuzunguka mashua, bila kuiachilia hata mara moja, mpaka upande wa chini ambako ule ubao wa katikati ulikuwa umetokeza nje kama ulimi. Akaushika kwa mikono miwili, akaning'inia na uzito wake wote, ambao si mwingi. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mlingoti ukaanza kuinuka polepole, maji yakimwagika kutoka kwenye tanga, na mashua ikakaa wima. Ilikuwa imejaa maji hadi juu, lakini haikuzama. Akapanda kwa nyuma, akachukua ndoo ndogo iliyofungwa kwa kamba, akaanza kukumba maji. Alikumba kwa dakika nyingi. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza, akavuta kamba ya tanga na kuondoka.

Hapo nilielewa kwamba shemeji na dada walikuwa wanabishania jambo ambalo si lenyewe. Shemeji alikuwa anauliza mashua inakwendaje. Dada alikuwa anauliza mashua inakaaje. Swali la mama ni lingine: siku itakapopinduka, na itapinduka, mtoto huyu mwenye kilo 27 ataiinua peke yake?

Kwa swali hilo tukaanza kuzunguka.

Ya kwanza ilikuwa ile aliyoipenda shemeji, Laser. Ni mashua nzuri, sikatai, ndefu mita 4 na sentimita 23, bapa, inakwenda kama samaki, na watu wamechukua nayo medali za Olimpiki. Lakini gamba lake peke yake lina kilo karibu 60, na tanga lake kubwa lina mita 7 za mraba. Yako matanga madogo zaidi kwa ajili ya vijana, sawa. Lakini kwa mtoto wa miaka 9 ni kama kumpa ng'ombe dume amchunge kwa uzi. Mwenye kuiuza mwenyewe, mtu mwaminifu, alimtazama binti na kumwambia shemeji: "Mlete akiwa na miaka 14." Shemeji alinyamaza hadi tulipofika kwenye gari.

Ya pili ilikuwa Topper, ya plastiki nzima, mita 3 na sentimita 40, kilo 43. Hiyo niliipenda. Ukiipiga kwenye jiwe inatoa mlio wa ndoo na kuendelea na maisha yake. Juu imefunikwa karibu yote, kwa hiyo ikipinduka na kuinuliwa haibebi maji mengi, na machache yaliyobaki yanajitoa yenyewe kwa tundu. Hakuna kukumba. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12, au kwa ndugu wanaopokezana, mkubwa na mdogo, ningeichagua bila kusita. Kwa binti wetu, tanga lake lilikuwa bado kubwa, na siku ya upepo angechukuliwa.

Ya tatu ilikuwa ngalawa ndogo. Dada alitaka niione kwa sababu ya bei. Mzee mmoja fundi pale kijijini alikuwa ameichonga kwa ajili ya mjukuu wake, na mjukuu amekua. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza maswali mengi, na alinijibu yote kwa uvumilivu. Kupinduka kwake ni kwa nadra, maana zile mbao za pembeni zinaishika. Lakini mzee mwenyewe alituambia: ikipinduka, mtoto peke yake haiinui. Inataka watu wazima wawili wenye kujua, na mara nyingi wanaivuta hivyo hivyo ilivyo hadi kwenye maji mafupi. Watoto wa wavuvi wanaiendesha kwa sababu wanakwenda na baba au kaka. "Hii si ya mtoto peke yake, mama," alisema. "Hii ni ya nyumba." Maneno ya fundi anayekataa kuuza ninayathamini kuliko ya anayesifu.

Ikabaki Optimist. Tuliona mbili. Ya kwanza ilikuwa na rangi mpya inayong'aa, nyekundu, binti aliikimbilia. Ya pili ilikuwa nyeupe iliyofifia, na mikwaruzo kila mahali. Mwalimu alikuja nasi, na nilimfuata kama mwanafunzi.

Kwanza aligonga gamba kwa vidole, sehemu zote, kama mama anavyogonga nanasi sokoni. Panapolia sauti kavu ni pazima. Panapolia sauti iliyokufa, au panapobonyea ukikanyaga sakafuni, maji yameingia ndani ya ngozi. Ile nyekundu ilibonyea karibu na mlingoti. Kisha akasema tuinyanyue, na ilikuwa nzito kupita ile nyeupe, ingawa ni ndugu wa tumbo moja. Uzito huo ni maji yaliyonywewa. Rangi mpya juu ya mashua ya zamani, alisema, ni ya kuulizwa maswali.

Akatazama kiti cha mlingoti, pale chini unaposimama, akitafuta nyufa. Nguvu yote ya upepo inashukia hapo. Akatikisa bawaba za usukani. Zikicheza sana, siku moja zitachomoka majini. Akamwaga ndoo ya maji kwenye tundu la ubao wa katikati na kuangalia chini kama yanavuja.

Halafu akafika kwenye mifuko ya hewa, na hapa wamama sikilizeni hata kama hamtanunua mashua maisha yenu yote, kwa sababu ndiyo siri ya kitu hiki kutozama. Ndani ya Optimist kuna mifuko mitatu ya hewa, miwili pembeni na mmoja nyuma, imefungwa kwa mikanda. Mashua ikijaa maji, mifuko ndiyo inayoishikilia juu. Mfuko unaovuja polepole unaonekana mzima ukiupuliza mbele ya mnunuzi. Kwa hiyo mwalimu aliijaza jioni na kusema tutarudi asubuhi. Asubuhi, mmoja wa ile nyekundu ulikuwa umelegea kama titi la mbuzi mzee. Ile nyeupe yote mitatu ilikuwa migumu.

Jambo la mwisho lilikuwa kamba fupi isiyo na thamani yoyote machoni. Mlingoti wa Optimist unasimama tu ndani ya tundu lake. Mashua ikipinduka hadi juu chini, mlingoti unaweza kuchomoka, nao ukichomoka nusu unapasua ubao unaoushika. Kwa hiyo unafungwa kwa kamba au kibano kwenye ubao huo. Mwalimu alimwambia binti: "Hii utaifunga wewe kila siku, si baba." Na ndoo na kopo la kukumbia, vyote vinafungwa kwenye mashua, maana vitu hivyo vikielea mbali mtoto atavifuata, na mtoto asiiache mashua kamwe.

Tanga la ile nyeupe lilikuwa laini, la kuchoka. Tanga jipya linalia kama karatasi. Shemeji akapata tena nguvu ya kubisha. Mwalimu akasema tanga lililochoka linapoteza mbio lakini halipotezi mtoto, na kwa mwaka wa kwanza linatosha.

Juu ya jile nilijifunza kitu ambacho nakiona kinatuhusu sisi wote tunaopanda boti za Goma. Jile ya mtoto hainunuliwi kwa umri, wala haiachwi nafasi ya kukua kama nguo ya Noeli. Inanunuliwa kwa kilo, na kilo zimeandikwa ndani. Mvishe, funga mikanda yote pamoja na ule unaopita kati ya miguu, kisha mwambie ainue mikono, nawe uivute jile juu kwa mabega. Ikipanda hadi masikioni, majini itamtoka. Halafu ziko namna mbili. Iko ile nyembamba, ya anayejua kuogelea, inayomsaidia tu kuelea. Na iko ile nene yenye kola nyuma ya shingo, inayomgeuza uso juu hata akiwa amezimia. Mtoto asiyejua kuogelea ni hiyo ya pili. Na hata ikiwa nayo, pale Msasani hakuna mtoto anayepewa mashua kabla hajaogelea umbali fulani mbele ya mwalimu, na nguo zake mwilini.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mnauliza: haya yote ya nini kwetu?

Tarehe 3 Oktoba 2024 sote tunaikumbuka. MV Merdi ilitoka Minova ikapinduka mbele ya Kituku, watu wakitazama kutoka bandarini. Tangu siku ile ziko nyumba nyingi za kartie zetu ambazo mtoto haruhusiwi hata kuchota maji ziwani. Naielewa hofu hiyo, ninayo. Lakini tunaishi juu ya maji haya. Sambaza tunayokula inatoka humo, unga na ndizi za Idjwi zinapita humo, na watoto wetu wakikua watapanda boti hizo hizo kwenda kutafuta maisha. Wavulana wanajiibia kuogelea nyuma ya mawe. Wasichana hawapati hata hiyo nafasi. Nilipohesabu pale Msasani, katika watoto 11, 5 walikuwa wasichana.

Na ziwa letu, ukilitazama kwa macho ya mwalimu yule, lina mema yake. Halipwi wala kujaa. Mamba na viboko si shida ya kwetu kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Uvira na Kalemie kwenye Tanganyika. Huko singemweka mtoto ndani ya kibakuli cha kilo 35 bila kuuliza wavuvi kwanza. Zile rasi zetu za Bukavu zinafanya vighuba vilivyokingwa, ambamo asubuhi maji hayana hata kunyanzi. Lakini pia lina mabaya yake. Nchi inashuka ghafla: hatua tatu kutoka ukingoni na mtoto hana mahali pa kukanyaga, na katikati kina kinapita mita 450. Maji yake si ya moto kama ya Dar, na tuko juu zaidi ya mita 1,400, kwa hiyo mtoto aliyelowa anatetemeka mapema. Wakati wa mvua dhoruba ya alasiri inashuka kutoka milimani bila kubisha hodi. Somo la tanga kwetu lingekuwa la asubuhi tu, na saa tano wote wako nje. Upande wa Goma mawe ni ya moto wa volkano, makali kama kisu, ambayo yangeila mashua ya nyuzi za kioo kwa mwaka mmoja. Huko ningesema plastiki. Tena huko Goma na Sake kuna mazuku, ile hewa nzito inayokaa mabondeni na kuua bila harufu, hata karibu na ufuko. Wenyeji wanajua sehemu zake. Usichague ufuko wa watoto bila kuwauliza.

Na popote pale, mashua ya mtoto haiingii majini kama hakuna boti nyingine ya mtu mzima, yenye mota, inayozunguka karibu. Hili Msasani hawalijadili. Siku boti hiyo ilipokosa mafuta, watoto walibaki nchi kavu wakifunga mafundo ya kamba, wakinung'unika. Mnaofikiria gharama, anzeni kuhesabu hapo, kwa mota na mafuta, kabla ya mashua.

Dada alinunua ile nyeupe. Nyekundu ilimtoa binti machozi kidogo, yakakauka alipoambiwa anaweza kuchagua jina la kuandika nyuma. Shemeji ndiye aliyeipaka herufi, kwa uangalifu mkubwa, na sasa ndiye anayefika ufukoni kabla ya wote.

Niliporudi nilisimulia haya katika mkutano wetu wa AVEC. Mama mmoja ambaye mume wake ni seremala akaniuliza kama kweli ile ya kwanza ya Florida ilitoka kwenye mbao za tripleksi. Ni kweli. Zilikuwa mbao za futi 4 kwa futi 8, yaani sentimita 122 kwa 244, kipimo kile kile kinachouzwa hapa kwetu. Mama wa ushonaji naye akauliza kama tanga linashonwa kwa mashine ya kawaida. Nimemwambia nitamletea kipande cha lile tanga lililochoka, dada amekubali kunitumia kona yake iliyochanika, ajaribu sindano mwenyewe. Atakayekuwa na mtu anayetoka Dar es Salaam kabla ya mwisho wa mwezi anijulishe, kipande ni chepesi, kinaingia ndani ya bahasha.